Aliyewatoa Wenzake, Naye Akabaki

Barua iliyomtoa Desmond Sugden jasho jembamba haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na balaa lilikuwa hapo hapo. Ilisema kwamba mwezi wa Julai, atakapotimiza miaka sitini na mitano, serikali itamlipa pensheni yake ya msingi na ya nyongeza bila kupunguza hata peni moja. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni na soksi za usiku, akairudia, kisha akaisokomeza ndani ya koti kabla mkewe Lorna hajatoka jikoni na mayai.

Wenzake aliofanya nao kazi katika kiwanda cha mazulia cha Garside walikuwa wamepata barua kama hiyo wiki hiyo hiyo, ila zao zilikuwa na mstari mmoja wa ziada: pensheni yako imepunguzwa, kwa sababu mwajiri wako alikutoa kwenye nyongeza ya serikali. Mji mdogo wa Ossley ukawaka moto. Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu kiwanda kifungwe walisimama nje ya duka la mikate wakisomeana barua kwa sauti. Na walipoulizana ni nani hasa aliyewatia kwenye mkenge huo, wote walitaja jina moja.

Hawakumsingizia. Mwaka 1977 Desmond alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwenye nywele nyingi na mdomo mkubwa kuliko nywele. Alipanda juu ya meza ya kantini wakati wa chai akawahutubia.

"Ndugu zangu! Serikali inaanzisha pensheni ya nyongeza juu ya ile ya msingi. Kiwanda kinasema hiyo nyongeza tuachane nayo. Tutakatwa mchango mdogo zaidi wa serikali, na kiwanda kitatulipa pensheni kutoka mfuko wake wenyewe, isiyopungua ile tuliyoiacha. Mimi nimeichambua hii kitu usiku na mchana. Wanaokubali, mikono juu!"

Mapumziko yalikuwa ya dakika kumi na yeye alikuwa amezila nane. Mikono ilipanda haraka, michache kwa imani na mingi kwa kuhofia chai kupoa.

Ila kuna jambo Desmond hakuwahi kumwambia mtu. Fomu za kujiunga na mfuko zilizoteremshwa siku ile zilipungua moja. Roy Tordoff alikuja mwisho kutoka chumba cha rangi, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni, na Desmond akampa fomu aliyokuwa amejiwekea yeye. Mwakilishi anapokea wa mwisho, ndivyo alivyolelewa na chama. Kupata fomu nyingine ilibidi apande ngazi kumi na nne mpaka ofisini kwa meneja. Na hapo ndipo ujinga wenyewe ulipo, maana mwaka uliotangulia, wakati wa mgomo wa madirisha yasiyofunguka, Desmond alikuwa ameapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba mguu wake hautakanyaga ngazi zile mpaka meneja ateremke mwenyewe kuomba radhi.

Meneja hakuteremka. Desmond hakupanda. Walivutana hivyo miaka ishirini na miwili, hadi meneja alipokufa na kiwanda kikafungwa, na Desmond akaenda kuendesha gari la kupeleka makochi majumbani, bado anajiona mshindi.

Ushindi huo hakuweza kumsimulia Lorna. Jioni ya ile kura alikuwa ameshajigamba kwake kwamba amejiunga, wa kwanza kabisa, na kwamba uzeeni watakula kuku kwa mrija. Alidhani kesho yake atalimaliza suala la fomu. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka thelathini na tisa, na sasa Lorna alikuwa ameshachagua kijumba cha kupanga kando ya bahari huko Filey, akapima na madirisha yake kwa ajili ya mapazia.

Mkutano wa kumhukumu Desmond uliitishwa Jumapili mchana katika klabu ya wafanyakazi, ukachomekwa baina ya mchezo wa bingo na mlo wa pai, kwa kuwa bingo haikatishwi wala pai haisubiri. Lorna alivaa koti lake zuri.

"Usije, mpenzi," Desmond alimsihi. "Watu watatukana."

"Ndiyo nakuja nisikie. Miaka yote hii nimekutukana peke yangu, leo nataka wasaidizi."

Mwenyekiti alikuwa Keith Barraclough, fundi mitambo wa zamani, mtu asiyekubali hata nyumba iungue nje ya utaratibu. Alipiga kengele. Wa kwanza kusimama alikuwa Brenda Illingworth, aliyefuma mazulia Garside miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwogopa mtu.

"Ndugu mwenyekiti, kupitia kwako, nataka kumwita huyu mtu mshenzi."

"Lugha, ndugu Illingworth. Mwanachama mwenzetu huitwa mheshimiwa."

"Nataka kumwita huyu mheshimiwa mshenzi."

"Sawa. Endelea."

"Serikali imenikata! Nafungua barua nikitegemea pensheni kamili, nakuta imemegwa kama keki ya harusi. Kwa nini? Kwa sababu Desmond Sugden alipanda juu ya meza!"

Ukumbi ukapiga makofi. Desmond alisimama, na lazima isemwe kwamba alijitetea vizuri. Mdomo wake haukuwa umezeeka hata kidogo.

"Ndugu mwenyekiti, kupitia kwako. Brenda, mfuko wa Garside unakulipa kila mwezi, au haukulipi?"

"Unanilipa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotimiza sitini."

"Basi ile nyongeza uliyoikosa serikalini ndiyo hiyo unayoila Garside. Hukuibiwa, mama. Imepitia mlango mwingine tu. Na mchango wa serikali ulikatwa mdogo zaidi miaka yote hiyo, ukanunua sigara."

"Niliacha sigara mwaka themanini na tatu!"

"Basi ukanunua kitu kingine."

Watu walianza kunong'onezana. Roy Tordoff akasema, "Hapo ana hoja," na mzee mmoja nyuma akauliza kama pai zimeshaingia kwenye oveni. Desmond aliona mlango wa kutokea uko wazi kabisa mbele yake. Alikuwa anakaribia kuketi Brenda alipouliza, kwa upole usio wa kawaida yake:

"Na wewe, mwenzetu, barua yako imekukata ngapi?"

"Haijafika," Desmond alisema.

"Imefika, Des," Lorna akasema kutoka kitini pake, akidhani anamsaidia. "Iko mfukoni mwa koti. Niliiona bahasha nilipokuwa nalipiga brashi. Waonyeshe uwafunge midomo."

Ukumbi mzima ukamtazama akiitoa. Keith alivaa miwani, akaisoma yote, pamoja na anwani ya mwandikaji na nambari ya simu, kama utaratibu unavyotaka. Kisha akavua miwani.

"Hajakatwa," alisema.

Hapo hata kengele haikusikika. "Msaliti!" "Aliuza mechi!" "Alitutoa sisi, yeye akabaki ndani!" Mtu alitoa hoja afutwe uanachama, mwingine akaunga mkono, mwingine akataka picha yake ya kushinda mashindano ya vishale ishushwe ukutani sasa hivi. Keith alipiga kengele mpaka mpini ukamtoka mkononi.

Desmond alimtazama Lorna. Akinyamaza, atatoka pale msaliti, naye hakuwahi kumsaliti mtu maishani mwake. Akisema, wenzake watamsamehe, na mwanamke aliyekaa kiti cha tatu amevaa koti lake zuri atajua kwamba hakuna Filey. Lorna alikuwa anamtazama kwa imani tupu, akingoja awajibu wale watu. Imani hiyo ndiyo iliyomuumiza. Aliwaza aseme uongo mwingine, akautafuta, hakuupata.

"Sikubaki ndani kwa ujanja," alisema. "Sikukatwa kwa sababu sikujiunga. Sina pensheni ya Garside. Sina hata ya kununulia hizo pai."

Akawasimulia yote, fomu moja iliyopungua, mikono ya buluu ya Roy, kiapo, ngazi kumi na nne. Alipofika kwenye ngazi, Roy alisimama.

"Ina maana fomu yangu ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Desmond! Si ungeniambia nikapande mimi? Mimi nilikuwa napanda kila siku, nilikuwa namtongoza yule karani!"

Kicheko kilianzia kwa Roy, kikamshika Brenda, kikazunguka ukumbi mpaka watu wakawa wanajifuta machozi na leso za klabu. Miaka ishirini na miwili! Kisa ngazi! Keith peke yake hakucheka, kwa kuwa hoja ilikuwa bado mezani.

"Hoja ya kumfuta uanachama imeondolewa. Badala yake inaletwa hoja kwamba ndugu Sugden ni mjinga lakini si mwizi. Wanaokubali?"

Mikono yote ikapanda. Brenda alipandisha miwili.

"Mmoja, ndugu Illingworth."

Desmond naye alipandisha wake. Kisha aligeuka kumtafuta Lorna, akakuta kiti kitupu.

Alimkuta nje, ameketi kwenye ukuta mfupi wa maegesho, mkoba magotini. Alikaa kando yake, si karibu sana.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Kila mwaka."

Lorna hakumgombeza. Desmond alingoja agombezwe, na kadiri alivyongoja ndivyo alivyozidi kuogopa.

"Mwezi uliofuata baada ya kura yenu," Lorna alisema mwishowe, "kule kiwanda cha biskuti walitupa karatasi sisi wanawake tulioolewa. Uchague. Ulipe mchango kamili wa serikali, upate pensheni yako mwenyewe. Au uendelee na ule mchango mdogo wa wake za watu, uzeeni umtegemee mumeo. Ilikuwa nafasi ya mwisho ya kuchagua. Wenzangu walisitasita."

"Na wewe?"

"Mimi nisite nini? Mume wangu yuko kwenye mfuko wa Garside, tena wa kwanza kabisa. Nilitia sahihi mchango mdogo hapo hapo." Alifungua mkoba, akaufunga. "Nikasimama kwenye benchi nikawahimiza na wenzangu wanne."

"Wakakubali?"

"Watatu. Yule wa nne alisema nina kimbelembele. Yeye sasa yuko Uhispania."

Desmond alisogea karibu kidogo. Alitaka kumshika mkono, akaona aibu, akaushika hata hivyo. Lorna hakuuondoa. Walikaa hivyo, wote wawili wamevaa vizuri, mpaka mlango wa klabu ukafunguliwa na Brenda akatoka na sahani mbili za pai na njegere.

"Zitapoa hizi," Brenda alisema. "Lorna mpenzi, usimchukie sana. Wote tumemsamehe."

"Brenda," Lorna alisema, akipokea sahani, "kule shuleni unakosimamia usafi, kuna nafasi?"

"Ipo moja. Nikijitahidi zinakuwa mbili. Kwa nani?"

"Kwetu." Lorna alikata pai yake kwa uma. "Mimi nipe madarasa. Huyu mpe vyoo."