Mkono Uliobaki Bawani

Mzee Spana alikuwa amesimama chini ya bawa la ndege ya abiria, mkono wake wa kulia umezama tunduni hadi kwenye kiwiko, akizungusha nati kwa ncha za vidole. Nati hiyo ndiyo inayoshikilia kile kibawa cha nyuma ambacho rubani hukiteremsha anapotaka kutua. Kazi yenyewe ni ya kawaida tu: unaianza kwa vidole, unaikaza kwa spana, kisha unaipitishia waya ili isijilegeze angani. Alikuwa bado kwenye vidole msimamizi alipomwita akasaidie kubadilisha gurudumu la ndege nyingine, ambayo abiria wake walishaanza kufoka. Akaenda. Aliporudi, kichwa kikiwa bado kwenye gurudumu, alichukua kifuniko cha tundu na kuanza kukifunga kwa mkono wa kushoto, wala hakujiuliza kwa nini wa kushoto.

Mkaguzi akafika kabla kifuniko hakijakazwa. Kanuni ya karakana ni kwamba aliyefanya kazi hajikagui. Huja mwingine na tochi, akachungulia kwa macho yake mwenyewe. Lakini mkaguzi huyu ndiye aliyemwoa binti wa Mzee Spana. Sasa nani amulike kazi ya baba mkwe wake mbele ya mafundi wenzake? Ingekuwa sawa na kumpekua mifukoni.

“Baba, mambo yamekaa sawa?” aliuliza, macho kwenye viatu vyake.

“Yamekaa, mwanangu.”

Akatia sahihi. Tochi haikutoka mfukoni.

Jioni mke wa Mzee Spana alimmiminia maji ya kunawa, akaona anayapokea kwa kiganja kimoja.

“Baba watoto, mkono wa kulia uko wapi?”

Mzee akatazama mkono wa shati. Ulikuwa unaning’inia mtupu, safi, bila tone la damu. “Nadhani nimeusahau kazini.”

“Wewe nawe! Juzi miwani, leo mkono. Kesho usirudi bila huo mkono.”

Lakini ndege ilikuwa imekwisha kuruka, na Mzee Spana alianza kusikia baridi kwenye vidole ambavyo hakuwa navyo. Katikati ya kidole gumba na cha shahada alihisi nati. Ilikuwa inatetemeka, inataka kuzunguka. Hapo akakumbuka spana ambayo hakuishika na waya ambao hakuupitisha. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akiachia tu, kibawa kitang’oka, na watu wote waliomo hawatafika. Akabana.

Kulipokucha alimwendea mkwewe. “Mwanangu, ile ndege ifunguliwe. Nati haikukazwa. Mkono wangu ndio umeishikilia.”

Mkaguzi hakushangaa kuhusu mkono, alishaona shati. Kilichomsumbua ni kingine. “Baba, nikisema hivyo wataniuliza kwa nini mimi sikuona. Nitawajibu nini? Kwamba sikutazama?”

“Ndiyo. Useme hukutazama.”

Mkaguzi aliinamia tena viatu vyake, na mzee hakuwa na moyo wa kumwaibisha mume wa mwanawe. Alijikaza kisabuni, akaenda kwa meneja peke yake, akaeleza kosa lake bila kumtaja mtu.

Meneja alimsikiliza vizuri. “Umeishikilia barabara?”

“Nimeishikilia.”

“Haitikisiki?”

“Inatikisika, ila sijaiachia.”

“Basi tusilete taharuki. Ndege hujaa kila siku. Zamu yake ya matengenezo makubwa ikifika, tutafungua na utarudishiwa mkono wako. Kwa sasa, mzee wangu, kula vizuri na usijichoshe.”

Mzee Spana akaanza maisha ya kubana. Alilala wakati ndege ikiwa chini tu. Chafya aliizuia. Mjukuu akimtekenya, binti yake alimvuta mtoto kando na kumwambia babu yuko angani. Watu walizoea. Yeye hakuzoea, kila alipomwona mtu na sanduku la safari alitamani kumshika bega amrudishe nyumbani kwake.

Mafundi walikuwa wachache, kwa hiyo alipangiwa ndege nyingine hivyo hivyo, na mkono mmoja. Akaingiza wa kushoto bawani, mkono usiojua kazi ile, na nati ikamteleza mara kwa mara. Alikuwa amechoka, na nusu ya akili yake ilikuwa juu ya mawingu. Mkaguzi alipokuja, mzee alimwomba kabisa.

“Leo mulika, mwanangu. Nakusihi. Siuamini mkono huu.”

Mkaguzi akatoa tochi, akaiwasha. Mwanga ulipita kwenye ule mkono mtupu wa shati, naye akaona haya, akauelekeza sakafuni. Kumkagua mzee mzima ilikuwa aibu. Kumkagua mzee aliyepungukiwa ilikuwa ukatili.

“Baba, mimi ni nani hata nikukague wewe?” alisema kwa upole, akatia sahihi.

Jioni ile Mzee Spana alisukuma mlango kwa bega. Mke wake alimvua koti, mikono yote miwili ya shati ikaanguka mitupu, akaenda kupakua supu.

Mkwe alikuwa amekuja kuwasalimu, akaomba yeye ndiye amlishe baba. Alivuta kiti, akachota kijiko. Na kwa kuwa si adabu kumkodolea macho mkweo anapofungua kinywa, aligeuza uso ukutani. Kijiko kikagonga shavu. Supu ikamtiririkia mzee shingoni, ya moto.

“Imefika, Baba?” aliuliza mkwe, bado akitazama ukuta.

Mzee Spana alikuwa amekaza meno, amezishika nati mbili katika anga mbili, na hakuthubutu hata kushtuka.

“Imefika, mwanangu,” alisema.

Mkwe akachota kingine.