Afande Alivyokwama Mlangoni kwa Daktari wa Ubongo

Jamani, miguu ya Afande iligoma palepale kizingitini! Mmoja ndani kwa daktari wa ubongo, mwingine nje kwenye korido, na mwenyewe kaganda katikati kama kapigiliwa misumari.

Ndiyo Pakinsoni hiyo, ugonjwa wa kutetemeka na kuganda. Huyu trafiki mstaafu kwenye uwanja anatembea freshi tu, ila mlango ukitokea, miguu inasusa. Na leo siyo siku ya kususa. Daktari ana picha ya kichwa chake, saa sita anasafiri, kurudi haijulikani. Afande hajalala vizuri tangu apigwe ile picha. Anachotaka kujua ni kimoja: humo ndani bado kuna kinachokwenda, au ndiyo basi?

"Mzee, sogea," alisema mama aliyekuwa nyuma yake.

"Nasogea."

"Unasogelea wapi? Mbona kisogo ni kilekile?"

Nesi akamsukuma mgongo, kidogo nesi mwenyewe aanguke. Kijana mwenye bandeji kichwani akaanza, "Piiip! Piiip!" Wenzake wakadakia. Korido nzima ikawa inapiga honi.

"Mama watoto," Afande akamnong'oneza mkewe ubavuni, "sijaruhusiwa kupita."

"Lini uliwahi kungoja ruhusa, wewe?" Lakini mkewe anamjua. Akapenya chini ya kwapa lake, akasimama ndani, kwa kiganja kimoja akawazuia wenye honi, kwa kingine akamwita mumewe, mdomo ukapiga filimbi ya trafiki. "Prrrr! Pita!"

Miguu ikaondoka kama haijawahi kugoma.

Daktari akawageuzia kioo cha kompyuta chenye ile picha. "Huku damu inapita kidogo siku hizi. Mishipa midogo huenda imesinyaa, mingine imebaki kama uzi. Lakini huku inapita zaidi, huenda ipo iliyochipua. Tunaona hivi kwa baadhi ya wenye Pakinsoni, na maana yake bado tunaitafuta."

"Yaani barabara zimefungwa, na mimi sina habari?"

"Tuseme hivyo."

"Na hizi za mchepuko kafungua nani?"

"Ubongo wako wenyewe."

"Bila trafiki?"

"Bila trafiki, Afande."

Afande akainama karibu na kioo. "Kwa hiyo bado kunapitika?"

"Kunapitika."

Akajifuta macho, akaaga, akaenda zake. Akafika kizingitini. Akaganda.

Nyuma yake daktari, begi mkononi. "Mzee wangu, nachelewa ndege."

"Mama watoto, niite!"

Mkewe alishatoka nje. Akaitazama foleni yote ile, mama wa watu, kijana wa bandeji, watu waliokaa tangu asubuhi, halafu akamtazama daktari na begi lake. Akakunja mikono.

"Ngoja kwanza, baba. Wapite hawa, ndipo atoke daktari."

Afande akaelewa. Akainua mkono mmoja juu, kwapa likawa wazi, akapuliza mdomo: "Prrrr!" Kijana wa bandeji akainama, akapita, akaketi mbele ya daktari.

"Piiip," daktari akasema kwa unyonge, akaliweka begi chini.