Vyuma Mgongoni mwa Hakimu

Kila aliyemjua Hakimu pale Kamembe, mji wa Rwanda mpakani na Kongo, alijua kwamba amepona. Alikuwa akitembea bila magongo, akifungua karakana yake ya makochi nyuma ya soko, na Ijumaa ulimkuta msikitini. Kweli aliswali amekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma, pamoja na vikongwe, na yeye hata miaka arobaini na tano hajaitimiza. Hilo watu walilihesabu kuwa uvivu aliorudi nao kutoka hospitali.

Ni mkewe Nabintu peke yake aliyeona jinsi mtu huyo aliyepona anavyotoka kitandani. Hugeuka ubavu kwanza, huteremsha miguu, hujisukuma kwa kiwiko, kisha hukaa ameuma meno mpaka kilichomo ndani kitulie. Vyuma viwili vilipita kulia na kushoto mwa uti wa mgongo wake, vimekazwa kwenye mifupa kwa skrubu. Tangu ajali alikuwa amekonda, na nyama ya kuvifunika ilikuwa haba. Nabintu akimpaka mafuta, vidole vyake viliweza kuvigusa chini ya kovu. Akiegemea kiti, vilimchoma. Akiinama, vilimkatalia. Mvua ikikaza na ubaridi wa ziwa ukapanda mlimani, vilipata baridi kabla yake yeye mwenyewe.

Ajali yenyewe ilikuwa ya lori la kaka yake. Niyomugabo, mkubwa wake wa tumbo moja, alikuwa akisafirisha mchele kutoka uwanda wa Bugarama, na siku hiyo Hakimu alikuwa amepanda naye kurudi mjini, ametoka kuchagua mbao. Kwenye mteremko wa upande wa Nyakabuye simu ya Niyomugabo iliita. Akaipokea, akaanza kubishana na mnunuzi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine sikioni. Kona ikaja, lori likaenda moja kwa moja, likapindukia upande wa abiria. Niyomugabo alitoka na mkwaruzo juu ya jicho.

Watu walipokimbilia na kuuliza kimetokea nini, Hakimu alikuwa amelala kwenye majani, haisikii miguu yake. Akasema breki zilikataa. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Na baada ya kulisema neno hilo mara ya kwanza, akalirudia kwa kila aliyeuliza, wakubwa kwa wadogo.

Kigali walimpasua, wakamfunga vyuma, miguu ikarudi. Niyomugabo alipiga magoti kando ya kitanda, akalia hadi wagonjwa wengine wakageuza nyuso.

"Unisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe, Yaya," Hakimu akamjibu, maana ndivyo walivyoitana tangu utoto wao kule Kongo, mdogo akimwita mkubwa Yaya. "Imekwisha."

Naye aliamini kwamba imekwisha. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mifupa ikishaungana, atasahau kama ana kitu mwilini.

Mifupa iliungana. Kusahau ndiko kulikokataa kuja. Kila aliporudi kwa madaktari walimpiga picha, wakaitazama kwenye mwanga, wakaisifia. Picha nzuri. Kazi safi. Hakimu akaichukia picha ile kama unavyomchukia shahidi wa uongo anayevaa vizuri. Alipewa vidonge, vikamlegeza kichwa na kumuunguza tumbo. Kazi ya kuvuta springi na kupigilia fremu, iliyompa jina tangu ujana, ikahamia kwa mafundi wengine, yeye akabaki kushona maganda ya mito, amesimama, cherehani ameiinua juu ya matofali. Kila alipotoka alijikaza mkanda wa mgongo, na popote alipokwenda kukaa alibebewa kiti alichokishindilia mito.

Niyomugabo alikuwa na tabia moja. Akipita karakanani hakuuliza, "Unaendeleaje?" Alisema, "Naona leo uko vizuri," kisha akageuka kutazama pikipiki barabarani kabla jibu halijatoka.

Wiki chache kabla ya Ramadhani alikuja nyumbani kwao na habari: binti yake Gasaro anaolewa na kijana wa Bukavu.

"Wewe njo baba yake mdogo," akamwambia Hakimu kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Utasimama na mimi mlangoni kupokea bageni. Ila ule mkanda wa mgongo uuache hapa. Na kile kiti chako cha mito."

"Kwa nini, Yaya?"

"Bantu ba Bukavu banasikia maneno. Wanasema nilimvunja ndugu yangu. Nataka bakuone na macho yao."

Nabintu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Bamuone nini, Papa Gasaro? Huyu muntu hata soksi minamuvalisha mimi."

"Maman, usimfanye mgonjwa. Ukimuambia muntu kila siku anaumwa, ataumwa tu."

Nabintu akaendelea kuchambua, lakini mchele mzima nao ukaanza kuangukia upande wa makapi.

Hakimu alikubali kwa ajili ya Gasaro. Siku ya harusi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, bila mkanda chini yake, akasimama mlangoni kwa kaka yake tangu walipofika wageni wa kwanza waliovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kutoka Bukavu, hadi wa mwisho. Kila kundi lilipoingia, Niyomugabo alimshika bega.

"Huyu hapa mdogo wangu. Balisema hatatembea tena. Mumutazame."

Nao wakamtazama, wakamshukuru Mungu. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu mwema kabisa, alifurahi mpaka akampigapiga mgongoni kwa kiganja, pale pale penye kovu. Hakimu akatabasamu. Jasho likamshuka nyuma ya masikio.

Ndoa ikafungwa, watu wakala, ukafika wakati wa kutoa sanduku la bibi harusi. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kona za bati, limejaa vyombo na vitenge. Wanaume wawili walikwishainama kulishika, Niyomugabo akawasimamisha.

"Hapana. Litabebwa na baba zake. Hakimu, kuya," akamwita kwa mkono.

Simu zikainuliwa kupiga picha. Hakimu alimtazama kaka yake akitafuta kama kuna aibu yoyote machoni mwake, akakuta furaha tupu, furaha ya mtu anayesubiri kuachiwa huru. Angeweza kukataa. Gasaro alikuwa amesimama katikati ya shangazi zake, macho ya watu wote yako juu ya ndugu wale wawili. Hakimu akakunja magoti, akashika mpini.

Alilifikisha kwenye gari. Vigelegele vilipigwa. Yeye hakuvisikia vizuri, kwa sababu kitu kilikuwa kimeshuka kutoka kiunoni mpaka nyuma ya goti kama maji ya moto yanayomwagwa kwenye bomba. Akarudi akishika ukuta, akaingia stoo ya nyumba, akalala chali kwenye sakafu kati ya kreti za soda.

Niyomugabo alimkuta pale, bado anacheka.

"Si umeona? Unaweza. Ni woga tu ulikuwa unakushika."

"Ufunge mlango, Yaya."

Akaufunga.

"Ulikuwa kwenye simu," Hakimu akasema.

Cheko likaisha. Huko nje walikuwa wameanza kupiga ngoma.

"Tuliyamaliza hayo. Ulinisamehe hospitali. Ulisema mwenyewe, imekwisha."

"Nilikusamehe kitu chenye mwisho. Nilijua nitaumwa miezi, kisha basi. Hii haiishi. Asubuhi iko, usiku iko. Na wewe unanisimamisha mlangoni kama ng'ombe wa mnada, ili bantu baseme uko muntu mzuri."

"Kwa hiyo unataka nini? Niende kusema mbele ya bakwe zangu leo, siku ya binti yangu?"

"Sitaki useme kwa muntu. Nataka ukiniuliza hali, ungojee jibu."

Niyomugabo akafungua komeo. Kisha akasema kuna wageni, akatoka. Nabintu ndiye aliyekuja, akavua viatu, akakaa sakafuni, akakilaza kichwa cha Hakimu mapajani mwake.

Walirudi Kigali baada ya Idi ndogo, Nabintu akiwa ndiye anayezungumza. Safari hii daktari alikuwa mwingine. Aliiweka picha kando, akapitisha vidole mgongoni mwa Hakimu taratibu, akasita pale Hakimu aliposhtuka. Akasema vyuma vimekwishamaliza kazi, mfupa umeshika wenyewe, na kwa mtu mwembamba hivi huenda vinakwaruza nyama. Vinaweza kutolewa. Ahadi hakutoa.

"Vitolewe," Hakimu akasema.

Vikatolewa. Kidonda kilipokauka, aliegemea kiti bila kuchomwa, akafumba macho kwa raha hiyo ndogo. Lakini yale maumivu mengine, yale mazito ya kiunoni yanayoshuka mguuni, yalikuwa pale pale. Daktari alieleza kuwa hayo ni ya mshipa wa fahamu ulioumia siku ya ajali, na mshipa hautolewi kwa bisibisi. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, wakapanda basi la kurudi kupitia msitu wa Nyungwe.

Niyomugabo alikuja kumwona na mananasi mawili. Akakaa ukingoni mwa kochi.

"Nimesikia vimetoka," akasema. "Unaendeleaje?"

Na safari hii alingoja. Hakimu aliona anavyongoja, mikono katikati ya magoti, macho yakimwomba neno moja tu. Lilikuwa neno rahisi. Angelitoa, kaka yake angelala vizuri, na nyumba mbili zingekula pamoja kama zamani.

"Iko nafuu kidogo mgongoni," akasema. "Kiuno na mguu ni vile vile. Dokta anasema itabaki."

"Itabaki mpaka lini?"

"Itabaki, Yaya."

Niyomugabo aliinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nakuja hapa na moyo safi," akasema, "wewe unanipiga na maneno yale yale. Ungekuwa umekufa siku ile, ningelia mara moja tu."

Akainuka, akamuaga Nabintu kwa adabu, akaenda. Tangu siku hiyo alipita barabara ya juu kwenda sokoni, isiyofika karakanani. Watu walisema Hakimu ana moyo mgumu: kaka alimuuguza, akamtembeza kwa madaktari, akamheshimu mbele ya wakwe, na shukrani yake ndiyo hiyo. Wengine walikuja kumsihi aombe radhi. Aliwakaribisha viti, akawasikiliza, akaendelea kushona. Kuhusu simu hakumwambia mtu yeyote. Hakuwa na uhakika kama kilichomzuia ni upendo uliobaki au ni uchovu.

Idi kubwa ilipofika, Niyomugabo alichinja, na fungu la Hakimu likaletwa na dereva wa pikipiki, limefungwa kwenye majani ya mgomba, bila salamu. Nabintu alitaka kulirudisha. Hakimu akamwambia apike, fungu la ndugu halirudishwi. Ilikuwa nyama ya paja, laini, yenye mafuta yake. Aliila amesimama, akiegemea ukuta, akamaliza, akaomba nyingine.