Vilima vya Saa Sita Mchana

Siku ya kwanza alipolala masaa sita bila kuguswa, Tanuri aliamka akadhani amekufa. Akajipapasa kifua, akajipapasa tumbo, mkono ukagonga ile pampu kiunoni, ndipo akakumbuka: aa, bado tupo.

Huyu Tanuri alikuwa mwoka mikate. Usiku kucha anakanda na kuoka, asubuhi anarudi, saa tatu analala, saa tisa alasiri anaamka. Watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani, yeye anakoroma. Na kisukari alikuwa nacho tangu ana miaka tisa, kile cha sindano, si kile cha kuambiwa punguza tumbo. Tumbo nalo alikuwa nalo, lakini hiyo kesi nyingine.

Sasa, kwa miaka arobaini na mbili usingizi wake ulikuwa na mlinzi: Dada Mkubwa. Mama yao alimwambia tu, "Mwangalie mdogo wako asizimike usingizini," basi yule binti akalichukua kama amri ya jeshi, na hakuna aliyekuja kumwambia zamu imeisha. Kila masaa mawili anaingia, anamgusa shingo. Shingo ikiwa na jasho, huenda sukari imeshuka. Anamchoma kidole, anapima, ikiwa chini kweli anamtilia maji ya sukari kwa kijiko. Tanuri alizoea mpaka akawa anameza bila kuamka, kama kifaranga cha njiwa. Kuoa alioa, ndiyo. Mke akaondoka akisema kitanda kile hakimtoshi yeye na wifi yake.

Halafu kliniki ikamwazima pampu. Kidude mkononi kinasoma sukari, kinaipa pampu habari, pampu inaongeza au inapunguza insulini yenyewe. Yeye kazi yake kuiambia tu anakula nini na kiasi gani.

"Mambo ya kuchomana vidole usingizini basi," alimwambia dada yake, akavifungia vile vipimo kabatini. "Na wewe ukalale."

"Nikalale mchana, mimi mgonjwa?"

Wiki mbili baadaye nesi wa kliniki akatazama michoro ya sukari kwenye simu ya Tanuri, akavua miwani.

"Baba, hivi vilima vya nini? Mstari umenyooka vizuri, ikifika saa sita mchana, kilima. Saa nane, kilima. Kila siku. Hapo unakula."

"Hapo nimelala, nesi."

"Unakula umelala?"

"Mimi nikilala ni gunia la unga."

"Gunia la unga halipandi sukari mpaka kumi na nne. Sikiliza, pampu ni ya kujaribishwa na foleni ni ndefu. Mtu anayekula bila kuiambia hatuwezi kumwachia. Nakupa wiki moja."

Tanuri alitoka akasahau hata kuaga. Si aibu, jamani, aibu alishaizoea. Ni ule usingizi. Ameuonja, halafu arudi kuchomwa kidole mara tatu kwa siku kama tiketi?

Akaanza kujishuku mwenyewe. Mwenzake wa kazini akamtia moyo kwa kumwambia ana mjomba aliyekuwa anaamka usingizini na kukamua mbuzi wa jirani. Basi Tanuri akaondoa mikate yote nyumbani, akampa dada yake ufunguo wa chumba.

"Nifungie kwa nje. Nikigonga kabla ya saa tisa, usifungue hata nikilia."

"Haya," akasema Dada Mkubwa, akautia ufunguo kifuani.

Vilima vikaendelea. Siku ya nne akaamka sisimizi wamepanga mstari kwenye masharubu. Akayalamba. Matamu!

Siku ya tano akajilaza, akakoroma mikoromo ya uongo. Saa sita, kitasa kikalia. Zikaja ndara anazozijua tangu utoto. Mkono ukamgusa shingo.

"Jasho," sauti ikanong'ona. "Mashine gani hii, mtoto anakufa yenyewe inatazama tu."

Kijiko kikagonga meno.

"Fungua mdomo."

"Dada!"

Kikombe chote kikamwagika kifuani kwa Tanuri.

"Kumbe uko macho! Unanidanganya mimi?"

"Nakupa ufunguo umfungie mwizi, kumbe mwizi ndiye mwenye ufunguo!"

"Mwizi mama yako!"

"Mama yetu ni mmoja!"

"Shingo ina jasho!"

"Juu kuna bati, Dada! Saa sita mchana! Gusa mto. Nao una kisukari?"

Dada Mkubwa akaugusa mto. Umelowa jasho. Akakaa pembeni ya kitanda.

"Zamani nilikuwa nakupima kwanza. Ukanifungia vipimo. Nikabaki na shingo."

Tanuri alikuwa na matusi mdomoni, akayameza. Akasema, "Wanaichukua pampu, Dada. Sijawahi kulala hivi tangu darasa la tatu."

"Na mimi?" akauliza dada yake. "Mimi nimelala lini?"

Kesho yake wakaenda wote. Nesi alianza kwa kufoka: kumtilia maji mtu aliyelala ni kumkaba, na sukari ikipanda pampu inaikimbiza kwa insulini. "Mnakimbizana humo ndani ya mtu!" Kisha akachukua simu ya Dada Mkubwa, akaiwekea namba ya sukari ya mdogo wake ionekane humo.

"Ikishuka, italia. Muamshe, akae, ndipo anywe. Isipolia, shingo yake muachie."

"Na simu ikizimika?"

"Pampu yenyewe inapiga kelele mpaka jirani aje."

"Na vilima?" akauliza Tanuri.

"Vimepata mwenyewe. Pampu unabaki nayo. Ila nikiona kingine nachukua vyote viwili, pampu na kijiko."

Siku iliyofuata Dada Mkubwa akaweka kiti karibu na kitanda, simu mapajani. Sita. Sita nukta mbili. Sita. Tanuri akalala.

Saa saba akashtuka kwa kelele. Si pampu, si simu. Dada Mkubwa amelala kitini, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kukandia unga. Simu inasema sita.

Tanuri akasimama akamtazama. Miaka arobaini na mbili, hakuwahi kumwona amelala. Akamgusa shingo. Jasho tele. Akatupa jicho mezani, kijiko kile pale.

Akakiacha. Akarudi kitandani, akaziba masikio kwa ule mto wenye kisukari, akalala.