Asilimia na Nafasi Kumi na Moja za Uchumi

Haya nilisimuliwa na mwenye duka la steshenari, Jumanne iliyopita, nilipokwenda kutoa kopi ya kadi yangu ya kliniki, umeme ukakatika kadi ikiwa nusu ndani ya mashine. Kadi ya kliniki huwezi kuiacha ukaenda zako. Basi nikakaa kwenye benchi, na yeye akanieleza mambo ya binti wa kaka yake. Nayaandika kama nilivyoyapata. Chumvi nimeongeza pale tu palipokuwa hapana ladha.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Asilimia. Alikuwa amemaliza sekondari, anangoja chuo, na katika kungoja kwake alikuwa akimsaidia shangazi yake dukani: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za chuo kikuu kwenye kompyuta. Kila aliyekuja kujaza fomu alikuja na matokeo yake, na kila aliyekuja mwaka uliofuata alikuja na habari za ndugu yake aliyeingia au aliyekosa. Asilimia alianza kuziandika habari hizo tangu akiwa msichana wa sare. Miaka minne ya alama za watu ilikuwa kwenye daftari moja lililofungwa kwa mpira wa kubania nywele.

Ukimpa alama zako na kozi unayoitaka, alikuwa anafungua daftari, anapitisha kidole, halafu anakwambia: "Sabini na mbili." Au: "Arobaini, ukibahatika." Watu wazima walikuwa wanatoka mle wamenywea kama wametoka kwa daktari. Lakini alikuwa hakosei, na mtu asiyekosea husamehewa mengi.

Sasa yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kusoma uchumi. Si biashara, si uhasibu, ni uchumi. Alitaka kujua kwa nini watu wote hukimbilia dirisha moja na kuliacha la pili wazi. Baba yake, fundi saa, alimwambia kwamba hilo hata yeye analijua, ni kwa sababu watu ni kondoo. Asilimia akamjibu, "Baba, hayo ni matusi. Mimi nataka sababu."

Kozi ya uchumi ilikuwa na nafasi sitini. Mwaka uliotangulia waliiomba watu elfu moja mia moja na arobaini, na wa mwisho kuingia alikuwa na pointi kumi na tano. Asilimia alikuwa na kumi na nne. Alifungua daftari lake, akajipigia hesabu kama anavyowapigia wengine, bila kujipendelea, akapata kumi na nane kwa mia.

Na chuo kile kina tabia yake. Awamu ya kwanza kinaangalia chaguo la kwanza peke yake. Ukikosa hilo, umekosa, ungoje awamu ya pili kama zipo nafasi zilizobaki, na kwa uchumi hazikuwahi kubaki.

"Kumi na nane ni ndogo," alimwambia shangazi yake.

"Ndogo kwa nani? Mimi niliolewa kwa chini ya hapo."

"Na ukaachika, shangazi."

"Lakini niliolewa."

Asilimia hakushawishika. Akajaza ugavi, kozi ya mambo ya maghala na manunuzi, yenye nafasi themanini, ambayo mwaka uliopita ilichukua hadi wenye pointi kumi na moja. Nafasi yake humo: tisini na sita kwa mia. Alilia kidogo nyuma ya mashine ya kopi, akanawa uso, akarudi kazini.

Na kwa kuwa hakutaka wengine waumie kama yeye, alichapa karatasi akaibandika ukutani. Iliandikwa: UCHUMI, NAFASI 60, WALIOOMBA 1,140. FIKIRIA KWANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo: UGAVI, NAFASI 80, PANA USALAMA.

Karatasi ile ilipendwa. Watu waliipiga picha kwa simu wakaitumiana. Shangazi akaitoa kopi akawagawia hata waliokuja kununua bahasha. Kabla ya wiki kwisha, mtu wa mji mwingine kabisa alipiga simu dukani kuuliza kama ni kweli uchumi umefungwa.

Katika mtaa ule ni mtu mmoja tu ambaye hakuisoma, naye ni binamu yake Asilimia, kinyozi wa mlango wa pili, kijana mwenye pointi kumi na mbili na usingizi mwingi. Alikuja kujaza fomu siku ya mwisho, dakika za mwisho, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Kozi gani?" Asilimia akamuuliza.

"Hiyo hiyo unayoisemaga kila siku. Uchumi."

"Kwa kumi na mbili? Binamu, una asilimia moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri inaumiza."

"Jaza tu, mtu wangu anangoja na kichwa chake nusu."

Akajaza, huku akimwonea huruma.

Majibu ya awamu ya kwanza yalitoka Jumatatu. Uchumi uliombwa na watu arobaini na tisa. Wote arobaini na tisa wakaingia, kinyozi akiwa miongoni mwao. Ugavi uliombwa na watu mia tisa na zaidi, maana kila aliyetishwa na ile karatasi alikimbilia pale karatasi iliposema pana usalama, wenye alama kubwa wakiwa mbele. Wa mwisho kuingia ugavi alikuwa na pointi kumi na saba. Asilimia, na kumi na nne zake, akabaki nje.

Alikaa mbele ya kompyuta akiutazama ukurasa ule mpaka kioo kikajizima. Alikuwa amehesabu watu wote kama miti, kwamba yeye atasema na wao watabaki wamesimama palepale. Kumbe walikuwa na miguu, na aliyewatia mbio miguuni ni yeye.

Kinyozi alikuja kumpa pole, mashine ya kunyolea ingali mkononi. "Usijali, nikifika nitakuulizia hiyo sababu unayoitafuta."

"Toka," akamwambia.

Lakini ukipiga hesabu, sitini toa arobaini na tisa, zinabaki kumi na moja. Chuo kilitangaza awamu ya pili, siku sita, nafasi kumi na moja za uchumi. Kwa mara ya kwanza mlango ule ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na Asilimia aliuona kabla ya wengine wote.

"Sasa nisikilize," shangazi akasema, akiibandua karatasi ukutani kwa kucha. "Unajaza ya kwako leo. Wakija kukuuliza, unawaambia uchumi hauingiki. Basi."

"Nitakuwa nimewadanganya."

"Mara ya kwanza uliwaambia kweli na ikawa uongo. Sasa waambie uongo, labda itakuwa kweli."

Asilimia akajaza yake asubuhi ile. Kuhusu wengine aliamua kunyamaza, maana kunyamaza si uongo. Kumbe nako kuna maneno yake. Waliokuja wakaukuta ukuta mtupu na Asilimia haongei, wakatoka nje wakinong'ona: kanyamaza, huyu kaona kitu. Siku ya pili benchi lilijaa, na siku ya tatu foleni ilifika kwa kinyozi, naye akajifanya mwenyeji wa chuo, akieleza maisha ya uchumi kwa watu wanaongoja kunyolewa.

Wa kwanza kumuuliza waziwazi alikuwa binti wa mfamasia, msichana mpole mwenye pointi kumi na saba, ambaye naye alikuwa amekimbilia ugavi akachelewesha fomu yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaweka mikono mapajani.

"Dada Asilimia, mimi uchumi nitaingia?"

Shangazi, aliyekuwa akipanga karatasi, alikuja akamkanyaga Asilimia mguu chini ya meza, akaendelea kupanga karatasi.

Asilimia alitazama zile kumi na saba. Kwenye kipande cha karatasi alikuwa amekwisha kuwaandika wenye alama za kumpita waliokwisha kufika: kumi na tisa, duka hili peke yake, nafasi zenyewe ni kumi na moja. Huyu akijaza, na wale wakijaza, yeye basi. Alijua kusema hapana kungetosha, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini alimkumbuka binti huyu alivyotoka mle mara ya kwanza amenywea, kwa ajili ya ile karatasi.

"Utaingia," akasema. "Tisini na nane kwa mia. Jaza."

Shangazi aliangusha karatasi zote.

Binti wa mfamasia hakufurahi. Alimtazama Asilimia, akatazama ukuta pale karatasi ilipobanduliwa, akasema anaomba kutoka kidogo kuzungumza na baba yake. Alisimama mlangoni na simu, na kila alichosema kilisikika ndani.

"Ananiambia nijaze... Ndiyo, huyo huyo... Hapana baba, hajacheka... Anasema tisini na nane."

Akarudi. "Baba anasema niandikie uhasibu."

"Mdogo wangu, uhasibu wa nini? Uchumi unaingia."

"Baba anasema mara ya kwanza ulitukataza pakawa pazuri. Sasa unatusukuma."

"Nisikilize, nakuomba."

"Na anasema ukianza kuniomba, niondoke."

Akajaziwa uhasibu akaenda zake. Habari ikatangulia kwenye foleni: Asilimia anasukuma watu uchumi, kimbieni. Kila mwenye alama kubwa aliyekaa kwenye kile kiti aliambiwa kweli, na kila aliyeambiwa kweli alishtuka. Alivyozidi kuwasihi ndivyo walivyozidi kumtazama kama muuza dawa za kukuza nywele mwenye upara. Kufika jioni wenye pointi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba walikuwa wametawanyika uhasibu, ualimu na misitu. Na simu zilizosambaza ile karatasi ya kwanza zilikuwa zinasambaza onyo hili la pili huko huko ilikofika.

Waliobaki ni wale aliowakataza. Siku ya tano alikuja dereva wa basi la shule, mtu mzima mwenye watoto wawili na pointi tisa.

"Kaka, sikufichi," Asilimia akamwambia. "Huwezi kuingia. Sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

Dereva akavuta kiti karibu, akapunguza sauti. "Basi hapo ndipo penyewe. Jaza."

"Kaka, nakwambia kweli."

"Najua unavyosema kweli. Jaza, mama, basi langu limeziba njia."

Akamjazia. Jioni ya siku ya sita alizima kompyuta akiwa ameshajipigia hesabu yake: nne kwa mia, akidhani kwamba kule miji mingine watu wana akili kuliko huku.

Majibu yalitoka Ijumaa alasiri, duka limejaa. Shangazi ndiye aliyefungua ukurasa, kwa sababu Asilimia alikuwa ameinama anatoa karatasi iliyonasa kwenye printa na hakutaka kuinuka. Waliochukuliwa uchumi walikuwa kumi na mmoja, wa mwisho ana pointi kumi na tatu. Asilimia alikuwa wa tisa.

Alibaki ameinama vilevile. Shangazi akadhani hakusikia, akamsomea tena.

"Nimesikia," akasema. "Haiwezekani."

"Limeandikwa hapa jina lako na la baba yako."

"Naona. Lakini haiwezekani."

Kabla hajainuka vizuri mfamasia mwenyewe alifika na koti lake jeupe, binti yake nyuma.

"Kumi na tatu wanaingia, mwanangu ana kumi na saba anakwenda kusoma uhasibu asioutaka. Mbona hukutuambia?"

"Nilimwambia, mzee. Nikamwambia na asilimia."

"Ulimwambia kwa namna ya kumfukuza."

"Nilimsihi."

"Ndiyo namna yenyewe hiyo."

Mzee alikuwa anasema kweli, na Asilimia pia alikuwa anasema kweli. Alimwangalia yule binti, akamwambia pole. Binti akasema ahsante, kwa adabu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko koti jeupe na kelele zake.

Siku nzima ile mtu mmoja tu alikuja kumpa mkono. Ni yule dereva. "Uliniambia sitaingia na sijaingia," akasema. "Wewe ni mkweli. Mwakani nitakuja tena kwako." Akaenda kuliwasha basi.

Nyumbani, baba alikuwa na saa ya mtu wazi mezani na miwani ya kazi usoni. Walipomweleza, aliiweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nitakosa, baba."

"Na ukawaambia kweli hivyo hivyo."

"Ndiyo."

Fundi saa akacheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, akavua miwani, akaifuta, akasema binti yake sasa afadhali aende kufundishwa, maana kwa hali hii mtaa hautamvumilia. Akaenda kulala mapema kwa furaha, na ukuta ukaanza kuupokea mkoromo wake.

Asilimia na shangazi walikuwa wanalala chumba kimoja. Siku sita za kuchapa zilimwangusha kitandani na nguo zake. Shangazi alikuwa bado ana maneno.

"We mtoto. Na kumaliza hiyo kozi, una ngapi kwa mia?"

Hakujibiwa.

"Nakuuliza."

Akainua kichwa akatazama. Binti alikuwa amelala kinywa wazi, mkono umening'inia nje ya kitanda. Shangazi akaushika ule mkono akaurudisha ndani ya shuka, akajilaza, akapiga hesabu yake mwenyewe kwa vidole, akafika saba, usingizi ukamchukua.