Kusoma Kuanzia Chini

Orodha ya matokeo ilibandikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na wanafunzi wakaivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Msichana alibaki kando ya bomba la maji, akijifanya anafunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi. Waliomcheka aliwazoea, waliomwonea huruma ndio aliowaogopa. Korido ilipobaki tupu ndipo akasogea.

Wenzake walisoma kutoka juu. Yeye alianzia chini, maana ndiko alikojikuta kila muhula. Alikuwa ameshika mkia mara nyingi hata darasa zima likaacha jina lake na kumwita Mkia. Naye aliitika. Ukiitwa hivyo miaka miwili, unaitika tu.

Wa arobaini na mmoja, si yeye. Wa arobaini, si yeye. Alipanda hadi wa thelathini na tano, kisha kidole kikasita. Huko juu kulikuwa kwa wenyewe. Yeye hakuwa na shughuli nako. Akakumbuka maneno ya mwalimu mkuu mwisho wa muhula uliopita: "Ukishika mkia tena, mama yako akutafutie shule nyingine." Basi ndiyo wamekwisha kumfuta.

Hakulia. Alikwenda nyumbani, akafua sare, na ilipokauka akaipiga pasi, akaikunja na kuiweka mezani. Huenda ingemfaa mtoto wa jirani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba muhula huu alikuwa amejitahidi. Kila saa ya chakula alibaki darasani na daftari la hesabu, kwa kuwa hakuwa na wa kula naye. Na mwalimu wa hesabu alikuwa ameacha kuukata ukurasa mzima kwa wino mwekundu, siku hizi aliweka alama ndogo pale alipokosea, akaandika, "Mpaka hapa uko sawa." Maneno hayo alikuwa akiyasubiri kila wiki, na sasa yalimchoma.

Mama alirudi jioni kutoka hospitali alikofanya kazi ya usafi, mikono ikinuka dawa ya sakafu.

"Mbona sare iko mezani?"

"Wamenifuta, mama. Jina langu halimo."

"Nani kakwambia?"

"Nimetazama mwenyewe."

Mama akakaa kitini bila kuvua viatu. "Kesho tutatazama wawili."

Asubuhi waliwahi kufika kabla ya kengele. Mama aliitazama ile karatasi.

"Ulianzia wapi kusoma?"

"Chini."

"Kwa nini chini?"

Binti akainamisha kichwa. Mama aliweka kidole juu kabisa, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kwani shule aliiacha mapema. Kila mtoto wa watu alimsoma kwa jina lake kamili. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Binti aliona aibu, akatamani kumzuia. Kwenye wa ishirini na tisa mama akarudisha kidole mwanzo wa mstari, kisha akalitamka jina alilompa siku ya kuzaliwa, lote, pamoja na la baba na la babu. Msichana hakukumbuka ni lini alilisikia hivyo ndani ya kuta zile.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi."

"Sema tena."

"Ni mimi, mama."

Mama akampangusa begani vumbi ambalo halikuwepo, akaondoka mbio kuwahi zamu.

Msichana akabaki peke yake na furaha yake, hana wa kumpa. Kwa mazoea, kidole kikateremka hadi chini. Jana alijitafuta tu. Hakutazama ni nani aliyekuwa pale mwisho. Alikuwa yule binti wa dawati la dirishani, ambaye hakuwahi kuzungumza naye.

Alipogeuka, alimwona. Alikuwa ameinama kando ya bomba la maji, akifunga kamba za viatu.

Msichana akazitazama kamba zile. Zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa. Akajitoa mbele ya orodha, akaenda kusimama penye mlango wa darasa.

"Tazama tu," akasema. "Nakungoja hapa." Kisha akamwita kwa jina lake.