Bi Waya Agoma Kutoa Neno la Siri

Tangu astaafu kazi ya simu, Bi Waya alikuwa amejifundisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, peke yake, kwa ukaidi uleule aliowalelea wanawe. Sauti za familia nzima, kuanzia marehemu mumewe akimbembeleza kifungua mimba wao hadi vicheko vya wajukuu, zilikaa kwenye kompyuta ya sebuleni. Kila siku nakala zake zilisafiri kwa SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, hadi kwenye mashine iliyokuwa kwa mdogo wake, mji mwingine.

Sasa zilikuwa zimegoma. Mashine ya kule ilikufa, na mdogo mtu aliapa kwamba ilikoroma kabla ya kukata roho. Ikawekwa mpya, na tangu hapo hakuna nakala iliyofika.

Kifungua mimba, jitu zima lenye kitambi, akapata upenyo. Alitaka mama ampe neno la siri la root, yule msimamizi mkuu wa kompyuta, kisha apumzike. Wakaafikiana: chai ikiisha kwenye chupa kabla mama hajatengeneza, atalitoa.

Bi Waya akaingia kwenye mashine ya kule kwa jina lake mwenyewe. Akapokelewa bila neno. Akajaribu kama root, ambaye ndiye hupeleka nakala, safari ikakatwa. Hapo akacheka. Yeye alishatambulishwa kwa mashine mpya. Root alikuwa bado anaikumbuka mashine marehemu, na huyu wa sasa alimwona tapeli aliyevaa jina lake.

"Zima huo ukaguzi wa utambulisho, mama. Root akubali yeyote. Watu wote wanafanya hivyo."

"Watu wote hawajaweka sauti ya baba yako mle."

Akampigia simu mdogo wake, amsomee alama ya utambulisho kutoka kwenye skrini ya mashine mpya. Mdogo mtu akasoma herufi mojamoja, akichomeka katikati habari za goti lake na za jirani yake. Kifungua mimba naye akanywa chai ya moto hadi masikio yakafuka moshi.

Herufi zikalingana zote. Bi Waya akafuta alama ya mashine marehemu kwenye kumbukumbu za root, akaandika mpya, akatoa amri. Faili zikaanza kumiminika.

Mwanawe akaitikisa chupa. Chai ilikuwa bado inacheza ndani.

"Haya, umeshinda. Ila nipe tu, mama. Umri umekwenda. Ukiumwa je?"

"Nikiumwa nipelekeni hospitali. Kompyuta yangu haiumwi."

Kisha, mbele ya macho yake, akaanza kubadilisha lile neno la siri. Mwana akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Vidole vya mama vilikimbia. Kwenye skrini hapakutokea hata nukta.

"Mbona hakuna kinachoonekana?"

"Linux hiyo, mwanangu," akasema Bi Waya, akalirudia mara ya pili kulithibitisha, taratibu kabisa, ili aumie vizuri.